Alama ya Hamsini

Mpishi hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa ofisi ya walimu, akaubwaga mtihani wake mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Arobaini na tisa! Mwalimu, hii alama moja umeninyima kwa lipi?"

Mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mwembamba ambaye darasa zima lilimwita Kalamu Nyekundu, hakuinua hata kichwa.

"Swali la nane. Soma."

Kusoma kwa nini, na sentensi yenyewe alishaikariri njia nzima? "I ever cook in a big hotel." Alitaka kusema kwamba aliwahi kupika katika hoteli kubwa, zamani, kabla ya kuajiriwa jikoni hospitalini. Juu ya neno "ever" wino mwekundu ulikuwa umepita mara tatu, mpaka karatasi ikachanika.

Hospitalini walikuwa wanatafuta msimamizi wa jiko. Bosi alimwambia waziwazi: lete cheti cha Kiingereza, alama hamsini tu, jiko ni lako. Miezi kumi Mpishi alikuwa akitoka zamu miguu imevimba, vidole vinanuka vitunguu, anakuja kukaa darasani na watu wazima wenzake, wote wasemaji wa Kichina, wakihangaika na nyakati za Kiingereza. Miezi kumi! Halafu neno moja la herufi nne limkwamishe.

"Mwenzangu darasani, yule fundi lifti, ameandika kwamba jana ataoa," alisema. "Umempa nusu alama. Mimi sifuri."

"Fundi lifti amekosea. Wewe ni mkaidi. Nimekusahihisha mara ngapi? Kwenye swali, 'ever' ni 'umewahi?' Kwenye sentensi kama hiyo yako ni daima. Siku zote. Milele! Umeandika kwamba unapika hotelini milele. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Si ukaidi. Sisi kwenye Kichina tuna neno dogo la jambo lililokuwepo likapita. Kamusi zetu zinasema Kiingereza chake ni 'ever'. Kwetu kila mtu anaandika hivyo, hata daktari. 'I ever' maana yake niliwahi, na sasa basi."

"Hakuna anayeandika hivyo!"

Mwalimu alipiga meza. Kopo la kalamu lilianguka, kalamu zikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Muulize yeyote darasani…"

"Nimesema hakuna! Usinijie hapa na maana za kuokota!"

Mpishi alikuwa ameishi miaka ishirini kati ya visu na mvuke, si mtu wa kutishwa kwa meza. Damu ilimpanda.

"Roho yako ni ngumu, Mwalimu. Unajua nini kuhusu sisi? Kichina chenyewe hujui hata cha kuombea maji. Sasa sikiliza. Nakwenda kwa mkuu wa shule. Nitaleta kamusi, nitaleta darasa zima, tusimame mbele yako mmoja mmoja tukwambie neno hilo kwetu lina maana gani. Tuone hiyo kalamu yako utaificha wapi!"

Mwalimu alisimama.

"Mimi sijui kuhusu ninyi? Mimi?" Alivuta droo kwa nguvu, akatoa kijikaratasi kilichofunikwa plastiki, akakisukuma mezani. "Mume wangu ni mtu wa kwenu. Lugha yake siijui, yangu yeye hakuijua. Kiingereza ndicho kilichokuwa mshenga wetu. Asubuhi aliyosafiri aliniachia hii juu ya meza ya jikoni. Mwaka wa tisa huu. Dada zangu wananiita mjane wa mtu aliye hai, wananiletea wachumba, nawafukuza wao na wachumba wao. Nawaambia, someni wenyewe! Mtu aliyeandika hivi anarudi. Haya, na wewe soma, uone Kiingereza kinavyoandikwa!"

Mpishi alikivuta kijikaratasi, bado anahema kwa hasira. Yalikuwa maneno manne tu, na chini yake jina kwa Kichina.

"I ever love you."

Aliyasoma. Akayasoma tena, polepole, midomo ikicheza bila sauti. Nje, mtu alikuwa anaburuta madawati kwenye korido.

"Umeona?" Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa kali vilevile, ila alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. "Inasema nini? Sema!"

Mpishi alikirudisha kijikaratasi kwa mikono miwili.

"Daima," alisema. "Inasema anakupenda daima."

"Na hilo neno lenu dogo?"

"Halipo, Mwalimu. Nilikuwa natafuta alama."

"Na kamusi?"

"Hakuna kamusi. Na darasani usimuulize mtu, watakucheka kwa ajili yangu. Nisamehe."

Mwalimu alikaa. Aliivuta kalamu moja iliyobaki mezani, akaanza kusahihisha karatasi nyingine, na wino ukapita taratibu.

Mpishi aliukunja mtihani wake wa arobaini na tisa, akautia mfukoni, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Kisha akashuka ngazi za ghorofa zote tatu akimtukana kwa Kichina, kwa sauti ya juu na bila kupumzika, mwanamume ambaye hajawahi kumwona.