Kibubu Kinachouliza

Buthaina alikipakata kibubu chake, akabonyeza kitufe asikilize. Alikibuni mwenyewe hapo nyumbani, mtaani Jadida: mtoto akitumbukiza sarafu, kinamuuliza anaweka kwa ajili ya nini, kisha kinarikodi jibu lake. Cha kwanza alimpa bintiye wa miaka minane siku ya Idd, ili akijaribu kwa pesa zake za sikukuu.

Alitarajia kusikia baiskeli.

"Unaweka kwa ajili ya nini?" kibubu kiliuliza.

"Mlango," ikajibu sauti ya mwanawe.

Buthaina akacheka. Chumba cha mtoto kilikuwa na pazia tu mlangoni. Akabonyeza tena. Siku ya pili, mlango. Siku ya tatu, mlango wenye komeo. Siku ya nne mtoto alikuwa akinong'ona.

"Komeo la ndani. Ami asiweze kufungua."

Kicheko kikamkatika. Ami, mdogo wa mumewe, alikuwa akikaa kwao tangu Ramadhani, na yeye Buthaina ndiye aliyekuwa akimsifu kwa majirani kwamba anapenda watoto.

"Hodi, shemeji!" Mlango wa uani ukafunguliwa kabla hajaitikia. "Mtoto yuko wapi? Nimemletea halua."

Buthaina akageuka kulitazama pazia. Pini zake za mtandio, alizozitafuta wiki nzima, zilikuwa zimevibana pamoja vipande viwili vya pazia, kuanzia chini hadi pale mkono wa mtoto wa miaka minane ulipofikia.