Mti wa Mgeni Rasmi

Kila mgeni rasmi aliyefika katika mji ule alipandishwa juu ya tuta la bwawa akapande mti, kwa sababu picha hutoka vizuri pale juu. Bwawa lilijengwa ili mafuriko yasizoe tena nyumba za bondeni, na mafundi waliacha onyo moja: tuta lisipandwe mti, maana mizizi huyafungulia maji njia. Lakini onyo halipigwi picha.

Mwaka huu mgeni alipanda mvule, akafuta vidole kwa kitambaa cheupe kana kwamba amechimba kisima. Alipoondoka, Mwenyekiti Ngwali akamwita Bi Mashavu, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya tuta.

"Mama, huu utaumwagilia wewe. Ni heshima kwako."

"Na ule wa mgeni wa kwanza alikuwa akiumwagilia nani?"

"Hakuna. Umestawi wenyewe. Uongozi una baraka."

Bi Mashavu alimtazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua.

"Njoo nikuonyeshe mti huo unakokunywa."

Akamvuta kwa mkono wa koti mpaka nyuma ya jiko lake. Pale, chini kabisa ya tuta, kiangazi chote hicho, maji yalikuwa yakichuruzika kutoka ardhini, na kuku walikuwa wakiyanywa.

Mwenyekiti aliinama, akachovya kidole, uso ukamng'aa.

"Mama, una chemchemi. Mwakani mgeni ataizindua."

 Bi Mashavu aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani.