Kibibi Chini ya Jicho

"Usifungue macho," Nyirabizimana alisema, na Gaju akang'ata pindo la kitenge.

Pamba ilikuwa imelowa dawa ya chupa isiyo na karatasi yoyote. Harufu yake ilikereketa koo. Ilipogusa shavu, chini kidogo ya jicho la kushoto, Gaju alipiga ukelele mpaka kuku wakatoka nje mbio.

"Vumilia, mutoto yangu. Dawa yenye haiumi haifanyi kazi."

Pale palikuwa na doa jeusi, kubwa kama punje ya kunde. Watu wa kwao, Wakongo wa milima ya Kivu Kusini, doa la kuzaliwa hulichukulia kama pambo na huliita kibibi. Miaka yote waliyoishi Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, halikumkera mtu. Nyirabizimana, Tantine kwa Gaju, hakujaliwa mtoto wa tumboni. Alimlea Gaju tangu akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni, akamwambia mama yake mzazi alifia njiani wakati wa kukimbia vita. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilibusu lile doa na kusema Mungu alimwekea alama asije akapotea.

Kisha, mwaka ule wa 2014, akaenda Mbarara kuuza maharage na akarudi mtu mwingine. Asubuhi alimkalisha Gaju kwenye mwanga wa mlango, akamkagua uso kama anayenunua mbuzi.

"Shangazi ya Ishema iko Mbarara," alisema. "Batu ba kanisa bamemwambia juu yako. Maharage ikiisha kuvunwa, atakuja kukuangalia. Ni yeye atasema ndiyo ao hapana. Na ile kibibi, hapendi hata kuisikia."

Ishema ndiye aliyekuwa amemchumbia. Gaju alimpenda kupita kiasi, tusifichane. Alipenda hata mlio wa baiskeli yake mbovu. Alitaka kukimbia kumuuliza.

"Usimwambie neno, hata moja. Shangazi hataki ajue. Akisikia umesema, ndoa imekufa."

Basi akanyamaza. Walianza na mafuta ya kopo kutoka Mbarara. Uso wote ukapauka, ukatoa vipele, na vipele vikaacha madoa mengine. Kibibi kikabaki palepale, cheusi kuliko kwanza.

Gaju alijiiba akaenda kwa Bénédicte, muuguzi wa zahanati, mama asiyependa maneno mengi.

"Haya madogo yataisha polepole," Bénédicte alimwambia. "Acha ile mafuta leo leo, usiyaminye, na uvae kofia mu jua. Lakini hii ya kuzaliwa haiko ugonjwa. Nani anakusumbua juu yake?"

"Hakuna mutu."

"Basi iache. Ukiichoma utabaki na kovu, na kovu haitoki."

Gaju alirudi nyumbani na kofia kichwani. Kofia ndilo neno pekee alilolishika. Msichana anayesubiri harusi humwambii habari za polepole akakusikia.

Ndipo ikaja ile chupa.

Shavu lilivimba, likatoa maji, likaoza kidogo, likapona. Nyirabizimana aliliosha kila siku kwa maji ya chumvi, na alikuwa akilia kuliko mgonjwa mwenyewe. Mwishowe kunde haikuwapo tena. Pale pakawa na kovu la waridi, lenye kukunjamana.

"Akiuliza, sema ni chai," Nyirabizimana alimfundisha. "Ilikupindukia ukiwa mudogo. Akijua ulizaliwa na kitu pale, atasema batoto yako nao batazaliwa nayo."

Hilo lilimwingia Gaju akilini. Akalirudia neno la chai mpaka yeye mwenyewe akaanza kuliamini.

Mgeni alifika kwa pikipiki, alasiri, vumbi la barabara ya Rubondo likiwa bado miguuni. Gaju alikuwa amejiandaa kuona mama mnene mwenye maringo. Aliyeshuka alikuwa mwembamba, kitenge chake kimepauka kwa kufuliwa, na alisimama mlangoni kama anayeogopa kuingia. Nyirabizimana alimpa maziwa. Hakuyanywa.

"Naweza kumuona karibu?" mgeni aliuliza.

Gaju akasogea kwenye mwanga. Mgeni alimshika kidevu, akakigeuza taratibu, akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Gaju alishangaa kwamba mtu anayesifiwa kwa ukali anaweza kuwa na mkono mwororo namna ile, na akatamani kumpendeza.

"Hii ilitoka wapi?"

Nyirabizimana akakohoa.

"Chai, mama. Ilinipindukia nikiwa mudogo."

"Mbele ya chai, hapakuwa kitu hapa? Hata kidogo?"

Gaju alimkumbuka Ishema. Akamtazama yule mama machoni na kutabasamu vizuri kabisa.

"Hapana, mama. Nilizaliwa safi."

Mgeni alilipitia kovu kwa kidole mara ya pili. Kisha akakiachia kidevu.

"Asante, mutoto yangu," alisema, akatoka.

Gaju alisubiri hatua zake zitokomee uani. "Tantine, amenikubali?"

"Amekubali," Nyirabizimana alisema, akamkumbatia hadi mifupa ikamuuma. Gaju akacheka kwa furaha, na kovu likamvuta shavu.

Nje, mwendesha pikipiki alikuwa ameshawasha. "Mama, umepata? Twende, mvua nakuja."

"Haiko yeye," mgeni alisema, akapanda nyuma yake. "Mutoto yangu alizaliwa na kibibi."