Mchi wa Siwema

Karani wa kumbukumbu za serikali alikosea daftari. Sikudhani aliomba la ndoa, akaletewa la wafungwa, na kabla hajalirudisha macho yake yalikwisha kunasa jina la bibi yake.

Baba yake mdogo, mwana wa babu yake Shekuwe kwa mke mwingine, aliyemfuata ili ahakikishe hapati kitu, alicheka. "Funga, mwanangu. Bibi yako alikuwa mgeni tu katika nyumba ile unayokaa. Hakuolewa. Jumamosi utoke humo."

Sikudhani akasoma kwa sauti, hadi watu wa meza za jirani wakainua vichwa: "Siwema binti Mbaruku, mke wa Shekuwe. Kifungo siku saba. Alimfukuza mpima ardhi kwa mchi, uwanjani kwa mumewe."

"Jela!" mzee alinong'ona. "Utaitangaza aibu hiyo?"

"Aibu ya nani? Serikali yenyewe imeandika mke." Akamgeukia karani. "Ninakilie hapo, kaka, na muhuri ugonge."

Muhuri ukagongwa. Sikudhani akaupuliza wino ukauke.

"Na mchi wenyewe, baba mdogo, bado uko jikoni."

Akatoka ameiinua karatasi juu. Mzee akamfuata kwa nyuma, akiacha kati yao nafasi ya kutosha, kama urefu wa mchi.