Mstari Mwekundu

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa mwenyekiti wa wanawake wavua pweza alipoiona ramani, ukurasa wa mwisho wa mkataba. Serikali na wanakijiji walikuwa wamepatana kuilinda bahari kwa pamoja, na nusu ya miamba ifungwe mpaka pweza wazaliane. Lakini mstari mwekundu wa eneo la kufungwa ulizunguka miamba yote, ile wanawake wanayoifikia kwa miguu maji yakipwa. Maji ya kina, wanakovua wenye boti za mashine, hayakuguswa.

"Tulisema nusu," alisema.

"Mama, tia sahihi tu, wageni wanasubiri," afisa wa uvuvi alimnong'oneza. "Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ni lini, mwanangu? Nimezeeka nikiisubiri."

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Mkurugenzi kutoka wizarani hakucheka.

Mwenyekiti aliukata ule mstari, akaanza kuchora mwingine taratibu kuzunguka nusu ya miamba, kidole chake chenye makovu kikitangulia kalamu, huku akiutaja kila mwamba kwa jina lake. Alipomaliza alitia sahihi kando ya mstari mpya, akamsogezea mkurugenzi kalamu.

"Na wewe, baba. Hapa hapa."