Mzuka Mwenye Miwani

Mzuka alijibanza nyuma ya kabati, akasubiri nyayo.

Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, na vidole vyake vilinuka wanga wa kupigia pasi. Hayo, hata hivyo, yalikuwa upande huu wa kioo cha kompyuta, sebuleni kwa mama mmoja dobi. Ndani ya mchezo alikuwa kivuli kirefu kisicho na uso, na kijana aliyekuwa akinyata katika ukumbi wa jumba lile bovu hakupaswa kujua zaidi ya hapo.

"Mtishe basi, mama!" bintiye alimhimiza huku akifunga viatu aende zake kwake. "Umesimama kama mgeni aliyesahau alichojia."

"Nimtishe vipi? Huoni amechoka?"

"Hiyo ni picha tu. Kaka mwenyewe yuko mbali huko, pengine anakula."

"Anakula nini?" mama akauliza upesi.

Binti alikaza kamba za viatu. Akaaga, akaufunga mlango taratibu.

Mchezo ulikuwa na kanuni nyepesi. Mmoja huwa mzuka na huandika mafumbo kwenye milango. Mwingine huyafumbua ili atoke. Akitoka, hadithi imekwisha, na kila mmoja hupangiwa mwenzake mpya. Kijana alicheza kwa jina la Sisimizi. Tangu mama alipomfukuza nyumbani kwa maneno mazito mbele ya jamaa, kijana hakuwahi kupokea simu yake hata moja. Humu tu ndimo alimopatikana, kila jioni, na dada yake ndiye aliyegundua njia ya kumwingiza mama kwa siri.

Mama aliogopa mambo mawili. Akitambulika, kijana angetoweka. Na kijana akifumbua mlango wa mwisho, angetoweka vilevile.

Kwa hiyo alimfuata chumba hadi chumba, akigonga kuta kwa upole mahali alipotakiwa kunguruma. Mafumbo magumu Sisimizi aliyamaliza kama anayemenya karanga. Lakini kila alipofika mlango wa mwisho, uliobeba fumbo la kitoto kabisa, akili ilimruka. *Ukienda naenda, ukisimama nasimama, taa ikizimwa nakutoroka.*

"Kiatu," aliandika.

Mlango ukagoma. Jumba likaanza upya. Jana yake alikuwa ameandika "Kijiko".

"Na huyu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa!" Mama alicheka kwa sauti, kisha kicheko kikamwishia njiani, maana hapakuwa na wa kukipokea. Sebule ilikuwa na viti vinne, na vitatu vilikuwa vimebeba nguo za watu zilizokunjwa.

Alipoutazama tena mchezo, Sisimizi alikuwa ameketi chini kwenye kona ya ukumbi. Hakimbii, hatafuti. Tochi yake ilimulika sakafu tupu, na giza lilikuwa limemzunguka pande zote.

Moyo ukamshuka mama. Mwaka ule alimfungia nje. Sasa alikuwa akimfungia ndani, tena kwa sababu tu yeye mwenyewe hakuweza kukaa peke yake. Je, huko nako ndiko kupenda?

Akaenda hadi mlango wa mwisho. Akafuta fumbo, herufi baada ya herufi, kwa kidole kimoja, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Kisha akaufungua mlango wazi. Mwanga wa mchana ukamwagika ukumbini hadi kwenye miguu ya kijana.

Sisimizi akainuka. Mama akavua miwani, asimwone akiondoka.

Alikunja upya shati la mteja kwa kupapasa, mpaka kola ikakaa. Akaivaa tena, tayari kuzima kompyuta na kurudi kwenye pasi yake.

Sisimizi alikuwa amesimama kizingitini, mgongo ameupa mwanga, uso ameuelekeza kwa mzuka. Chini ya picha, maneno yakaanza kujitokeza, polepole, kwa herufi kubwa ambazo hata mwanafunzi mpya angeweza kuzisoma:

"SHIKAMOO, MAMA. MBONA UMEFUNGUA?"