Shaba ya Kiunoni

Mwanarusi alipopitisha mkono chini ya shuka ili amwoshe marehemu bintiye kiuno, vidole vyake viliukosa ule uzi.

Alipapasa tena, taratibu. Alikuta kovu jembamba tu, pale uzi ulipokaa tangu siku ya harusi, mwaka wa hamsini na tatu, alipomvika mwenyewe kinga ya ukoo wao: kipande cha shaba ya kale, kidogo kama kokwa ya ubuyu.

Ndiyo maana homa imemmaliza, aliwaza. Alivuliwa.

Mke mwenza wa marehemu ndiye aliyekuwa akichota maji ya majani ya mkunazi ya kuoshea maiti kwenye debe na kuyamimina, naye mjamzito wa kuzaa leo au kesho. Alipoinama, maji yalimrukia, leso ikamganda tumboni. Chini ya kitovu kilijitokeza kitu kidogo, kigumu.

Mwanarusi alikishika juu ya nguo. Mkasi wa kukatia sanda ulikuwa karibu na goti lake.

"Nani aliyekuvika?"

"Yeye mwenyewe, mama. Juzi, homa ilipompanda. Nilikataa. Akaniambia, nyinyi ni wawili, mimi ni mmoja."

Mwanarusi aliingiza mkono ndani ya leso, akaupata uzi. Fundo lilikuwa limelegea, fundo la mtu aliyefunga huku akitetemeka.

Alilifungua. Kisha akalifunga upya, akalikaza sana.

"Haya," alisema. "Mimina maji, mwanangu."